Daftari la Kuzima

Kioo kinazima palepale: asilimia sabini na tatu,
bibi harusi Nyamizi kanyanyua shela nusu,
tabasamu limeanza, halijafika mashavuni.
Giza. Feni ya kompyuta inavuma kama mtu aliyekosewa.
Kisha picha inarudi, na kijisanduku cheupe pembeni:
dereva aliacha kufanya kazi, dereva amepona.

Amepona! Aliugua nini, akanywa dawa gani?
Baba yangu aliendesha lori la Tunduma miaka kumi na tisa,
hakuwahi kuachia usukani katikati ya mteremko
halafu akasema nimepona, tuendelee.

Nikamfuta. Nikaweka mpya, wa mwezi huu,
karibu bando zima la usiku limekwenda na yeye.
Mpya akadumu dakika nne.
Nikamfuta tena, safari hii katika hali salama,
maandishi manene, rangi zimepauka kama kalenda ya juzijuzi,
nikamrudisha yule wa zamani, asiye na mbwembwe.
Akajikongoja hadi sabini na tano. Akalala.

Nikaenda Kariakoo kwa Fundi Mbwana
aliyeniuzia kadi hii ikiwa imeviringishwa kwenye fulana.
Akainusa. Kweli, akainusa, kama anayechagua samaki.
"Haijaungua. Vumbi tu, na grisi yake imekauka."
Akapuliza, akapaka grisi mpya, tone la ukubwa wa punje ya mchele,
akachukua elfu kumi na tano.
Nikaipakata hadi Tabata
kama mtoto aliyetoka kung'olewa jino.

Usiku huo: sabini na tatu. Shela. Giza.

Mama mkwe wa Nyamizi akapiga simu:
wageni wa Sikonge wanaondoka Jumatano,
hiyo video mwenzetu unaipikia kuni?

Ndipo nilipochukua daftari la hesabu za mkaa,
nikapiga mstari, nikaandika saa za kuzima.
Saa mbili na dakika kumi na moja.
Mbili na kumi na nne.
Mbili na kumi na nne tena, sikukosea.
Tatu kasorobo.
Ijumaa, hakuna. Tangu magharibi hadi nalala, hakuna hata moja.
Jumamosi, mara tisa.

Nikakaa nalo. Nani mtaani kwetu haonekani Ijumaa?

Taa ya sebuleni ndiyo iliyojibu: ikasinyaa,
ikawa rangi ya strungi, ikarudi.
Na nyuma ya ukuta, tsss,
mwanga wa buluu ukaruka juu ya matofali.
Hamdani, mchomelea mageti.
Ijumaa huenda Temeke kwa mama yake.
Kila anapogusisha chuma kwa chuma
umeme wa mtaa mzima unameza mate,
na kadi yangu, yenye kiu kuliko friji, inazirai.
Dereva tulimsingizia. Shimo lilikuwa barabarani.

Nikatoka na kanga mabegani.
"Hamdani, geti lako linaniulia bibi harusi."
Akavua miwani ya giza, akacheka, hakuelewa kitu.
Nikampa daftari. Akalisoma kwa kidole chenye masizi,
taratibu, kisha uso wake ukabadilika, kama aliyekutana na mtu anayemjua:
"Hii bawaba. Hii nondo ya juu.
Hapa, mbili na kumi na nne, mara mbili,
ni yale maua ya geti la Mzee Mwakitalima. Yalinitesa."

Wiki nzima tulikuwa tukiandika kitu kimoja,
yeye kwa cheche, mimi kwa kalamu ya bluu.

Sasa, kabla hajachoma, hugonga ukuta kwa nyundo mara mbili.
Nasimamisha kazi, nakunywa maji.
Akimaliza, mara moja.
Nyamizi alifunuliwa juzi, saa tano na robo usiku,
meno yote nje, na pengo dogo
ambalo siku ya harusi, nyuma ya kamera, sikuliona.

Jana kioo kimezima tena.
Ilikuwa Ijumaa.
Nimefungua ukurasa mpya.