Shilingi Themanini za Pazia

Mashairi yake yote niliyapiga chapa mimi,
mgongoni mwa hati za kuitwa shaurini,
maana karatasi nyeupe za serikali zilikuwa na hesabu
na Angumbwike Mwaisela, karani wa mahakama ya Mbeya,
hakuiba. Alikopa upande wa pili.

Asubuhi aliandika mashtaka: kuku watatu, mpaka wa shamba,
mume aliyetorokea Chunya na cherehani ya mkewe.
Jioni mambo yale yale yakaota vina.
Alitembea nyuma ya kiti changu akihesabu mizani
kwa vidole, juu ya mkanda wa suruali,
na silabi ikizidi alikunja uso
kama mtu mwenye kijiwe ndani ya soksi.
Ubeti huu haukuwa umepata sauti bado:

    Mimi hakimu nadhifu, sheria naijulia,
    kesi ikiwa ni ndefu, kiti changu nalalia,
    nikizinduka kwa hofu, nyundo naipigilia:
    mwenye kuku mkosefu, mwizi ninamwachilia!

Sauti zilitoka kwa Asajile Kibona,
mpiga kinanda wa Kanisa la Moraviani,
aliyeota kutunga wimbo mkubwa wa Pasaka
na badala yake kila Julai, pale Sokomatola,
ukungu wa Loleza ukiingia ukumbini bila tiketi,
alijikuta akiwapigia mbuzi waliovaa joho.
Watu walikuja na viazi vya moto mifukoni.
Hakimu mwenyewe alikaa mbele, akacheka hadi machozi,
akaninong'oneza mlangoni: "Yule wa Tukuyu leo kapatikana!"
Wa Tukuyu naye alisema ni wa Njombe.

Mwaka mmoja Angumbwike aliandika mchezo wa huzuni.
Mama anakufa, mwana yuko migodini.
Ukumbi ulisubiri kwa adabu mahali pa kucheka;
ulipochoka kusubiri, ukachagua kitanda cha maiti.
Nilimkuta nyuma ya jukwaa, amekalia ngoma.
"Sekela," aliniuliza, "kwani nina uso gani?"
Sikumjibu. Kidevuni alikuwa bado na masizi,
ndevu za babu wa onyesho la pili.

Halafu pazia. Mahameli ya buluu,
shilingi themanini, dukani kwa Lalji.
Asajile alisema pazia halina sauti,
kwa hiyo si deni la mwanamuziki.
Angumbwike alisema, bila pazia,
nani atajua kwamba umemaliza?
Miaka kumi na miwili ya kula sahani moja
ikashindwa kukunja kitambaa.
Akamshtaki. Katika mahakama aliyoifungua yeye kila asubuhi,
hati ameiandika kwa mkono wake,
na mimi nikaipiga chapa kwa hasira,
kwenye karatasi ya kwanza iliyonijia mkononi.
Sikutazama mgongo wake.

Hakimu akaamuru pazia likatwe, nusu kwa nusu.
Nusu ya Angumbwike iliziba dirisha la jikoni.
Ukumbi ukawa ghala la mbolea.
Wawili wale walipokutana sokoni
kila mmoja aliuliza bei ya kitu asichokitaka.

Alikufa Juni, kifua, asubuhi ya sakitu,
majani ya migomba yamekauka kama yamepitiwa na moto.
Mazishini kwaya ilisimama imevaa buluu niliyoijua,
na Asajile akapiga wimbo ambao hatukuujua,
polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.
Hakuna aliyeimba. Haukuwa na maneno, walidhani.
Wanawake walilia. Hakimu alivua miwani.
Mimi vidole vyangu vilianza vyenyewe,
juu ya mkunjo wa kitenge,
nane na nane, nane na nane,
ndipo nikajua hati ile ilikuwa na nini mgongoni.

    Kesi ikiwa ni ndefu

Nikauma ncha ya kitenge. Mabega yakanitikisika.
Mama mmoja wa Iyunga, nisiyemfahamu, akanishika mgongo:
"Lia tu, dada. Lia yaishe."