Kuusoma Mteremko, Newala

Mvua ya siku tatu imekatika alfajiri.
Usishuke bado.

Somoe alinifunza:
tazama nyufa juu ya njia, nyembamba, mfano wa kisigino cha kiangazi;
tazama mkorosho uliosimama jana, leo umeinama;
chemchemi iliyokuwa maji, sasa uji mwekundu.

Huna budi? Basi mmoja mmoja.
Wa kwanza avuke, wa pili abaki penye mwamba,
asimwondolee macho.
Ndoo mkononi, si kichwani.
Udongo ukinguruma, kimbilia ubavuni, usishindane nao kushuka.

Mwaka ule tulishuka tisa, tumeshikana mikono, tunacheka.
Waliopanda, Somoe hapendi kuwahesabu.

Leo kaketi ukingoni, ndoo tupu mapajani.
Anatupa kokoto.
Anasikiliza.
Anatupa nyingine.