Dada wa Kwenye Kopo

Dada wa kwenye kopo,
leo nasema nawe kwa sababu dawa yako imekwisha,
Editha ameosha kopo anawekea vibanio,
na wewe bado unacheka ubavuni,
nywele zimekulalia mabegani kama hazijawahi kukudai kitu.

Miaka kumi na mmoja tumetazamana.
Kila msimu, malipo ya korosho yakiingia,
nilikuja hapa nyuma ya stendi ya Newala,
nikakuonyesha kwa kidole: nifanye kama huyu.
Editha akavaa glavu. Hakucheka, ana adabu.

Ulijua kwamba inaanza kwa ubaridi?
Kama ukungu wa kwetu alfajiri, tamu kabisa.
Halafu siafu mmoja.
Halafu siafu na ukoo wake.
"Vumilia, ikiwasha ndiyo inashika."
Neno hilo nililisikia unyagoni,
nikalisikia leba,
sikujua kama utosi nao una zamu.

Siku ile maji yalikatika.
Dawa ipo kichwani, dakika zimepita,
bomba likakohoa mara mbili, likanyamaza.
Hapa juu maji ni mgeni wa heshima, huja yakipenda.
Editha alitoka mbio na ndoo,
akarudi na maji ya mama ntilie,
ya kuoshea masufuria, ukoko wa wali unaelea.
Akanimwagia hayo hayo.
Mimi nimeng'ata kanga,
wewe unacheka.

Zilitoka na kitana, mafungu mafungu,
kama kuku aliyechovywa maji ya moto.
Nikafunga kilemba miezi minne.

Kilichoota humo ndani sikukijua.
Mtu mzima, miaka thelathini na nne,
sijawahi kuzishika nywele zangu zikiwa na akili zao.
Ukivuta moja, inarudi kwao.
Kipilipili, walisema shuleni kwa dharau,
kana kwamba pilipili ni kitu cha kuonea.

Mama mkwe aliponiona akauliza nani kafa.
Nikasema ni joto, mama.
Joto! Newala, mwezi wa saba!

Ila binti yangu, Stamili, alinipandia mapajani,
akapapasa, akanyamaza, akapapasa tena:
"Kumbe ulikuwa nazo."
Nikakumbuka nimekwisha mwahidi
kwamba akifika darasa la tano nitamleta kwako.

Lipiko lilipotoka kucheza, wiki ya jando,
lile tusiloruhusiwa kuuliza ndani yake yumo nani,
nililitazama kichwani badala ya miguuni.
Mchongaji alilibandika nywele za mtu, za kweli.
Hakuzinyoosha.

Ubavuni mwako wameandika: Marekani.
Bibi alisimulia watu walioteremshwa pwani wamefungwa,
wasirudi hata kwa jina.
Sisemi wewe ni wao, bahari ni nyingi.
Lakini paji hilo ni la shangazi yangu Nankondya,
na nikikuziba nywele kwa kidole gumba,
nakaribia kukuamkia.

Basi niambie, nawe walikuambia vumilia?
Nyuma ya sikio, pale mpiga picha hakufika,
una kovu kama hili langu?

Nilimwomba Editha kopo nikalitupe.
Amekataa, vibanio vitakaa wapi?
Nimekugeuza tu, utazame mlangoni,
uone tunavyoingia siku hizi:
twende kilioni, mabutu, na wengine mafuta ya nazi basi.

Na kama huko uliko ulishazinyoa zamani,
na hapa umebaki picha tu,
usijisumbue kunieleza sababu.
Nataka kujua siku ya kwanza tu, upepo ulipokugusa utosini.
Mimi ulinikuta barabarani, unapanda kutoka bonde la Ruvuma.
Nilisimama katikati, kilemba mkononi.
Bodaboda akapiga honi, akapiga tena,
akanizunguka.