Kumi na Mbili

Verna amelifungua kabati mwenyewe,
akayaweka masanduku matatu mezani, juu ya gazeti,
akasema, "Emmett alikutaka wewe, si mwingine."
Kisha akaenda kukaanga vitunguu
asinione nikihesabu.

Nje, mjini Lititz, jirani anakwangua theluji ya Februari.
Nimekuja na lenzi, taa ya shingo ndefu,
brashi ya manyoya ya ngamia, kichupa cha mafuta.
Shaba haioshwi. Shaba hubembelezwa.
Anayeisugua kwa siki ikang'aa kama sufuria ya dukani
ameiua, na maiti haina soko hata ikipendeza.

Bahasha ndogo, mwandiko wake ulioinamia kushoto:

*1798. Nane kubwa.*

*1801. Makosa matatu, muhuri mmoja:*
*senti imegawanywa kwa sifuri tupu,*
*shada limepungukiwa shina,*
*herufi ya U imekatika ikawa vijiti viwili.*
Na chini, kwa penseli:
*fundi alikuwa na homa, au mapenzi.*

Ipo yenye ufa, kutoka ukingoni hadi kwenye nywele.
Si ufa wa sarafu.
Ni wa muhuri ulioipiga, chuma kilichochoka
asubuhi fulani huko Filadelfia,
na kila senti iliyofuata ikazaliwa na kovu la mzazi,
refu kidogo kuliko la dada yake.
Kwa urefu wa kovu tunajua
yupi kifungua mimba, yupi kitinda mimba.
Emmett alikuwa nazo tano za ukoo huo.
Alizipanga kama picha za harusi.

Kanuni yetu ni hii: kwanza unahesabu kilichobaki,
unywele, jani, jicho, kofia ya uhuru kwenye mti wake.
Halafu unatoa.
Unatoa mkwaruzo, unatoa kutu ya kijani,
unatoa tundu alilolitoboa mama fulani
mwanawe apate cha kuning'iniza shingoni.
Kinachosalia ndicho daraja.
"Nasi tutafanyiwa hivyo hivyo," alininong'oneza
kaka yake akiwa bado jenezani mbele yetu.
Nilimwambia anyamaze.

Saa kumi hivi nimeifikia.
1796. Nilijua ipo, nilikuwa naichelewesha.
Miaka thelathini na mmoja tumegombana juu ya shaba hii:
kwenye mnada wa Harrisburg, kwenye simu,
kwenye ukumbi wa hospitali akiwa na mpira puani.
Yeye: kumi na tano.
Mimi: kumi na mbili.
Chini ya kidevu kuna kishimo, ncha ya pini.
"Hicho ni kivuli," alikuwa akisema. "Sogeza taa."

Nimesogeza taa.
Nimeisogeza kushoto, kulia, nimeizima,
nimeipeleka dirishani penye mwanga wa theluji.
Verna amesimama mlangoni na mwiko.
Anajua ni ipi. Nyumba nzima inaijua.
Hasemi kitu, lakini macho yake yananiomba
alama tatu tu; tatu zingemgharimu nani?

Kizuri hakikosi ila, Emmett.
Na wewe hukuniita nije kukusifu,
wasifu walijaa kanisani.
Nimeandika: 12.

Verna amekuja, amesoma, amevua miwani.
"Angekununia mwezi mzima."
"Miwili," nimesema.
Akacheka, mara ya kwanza tangu Krismasi,
akacheka mpaka vitunguu vikaungua
na ikabidi tufungue madirisha yote kwenye baridi ile.

Nilipobaki peke yangu niliitia mafuta, tone moja,
nikapitisha brashi taratibu, bila kuhesabu,
mpaka shavu lile likarudisha mwanga wa taa
kidogo, kidogo tu,
kama la kumi na tano.