Wali Mdomoni

"Tena, mjomba," asema mpiga picha, "kijiko kimeficha uso."
Nachota tena wali wa maziwa, mara ya nne sasa,
na Tupur, miezi saba, taji jeupe likimtelemkia jichoni,
ananitazama kama karani atazamavyo hati isiyo na muhuri.
Ubwabwa wa shingo haujamtoka:
utamtokaje, na ndio kwanza unaingia?

Ingawa, tusidanganyane, wali huu si wa kwanza.
Daktari aliruhusu uji wa paketi tangu mwezi wa tano.
Lakini ukumbi una kiyoyozi,
maputo yameandika jina lake, herufi moja imeshapasuka,
na wageni mia mbili wanangoja samaki.

Sisi Wabengali mjomba tunamwita mama.
Basi nimepata umama pasipo uchungu,
na kazi yangu ni moja, kutia tonge la kwanza.
Leo hata si zamu yangu. Ni ya kaka yake Torsha,
ila theluji imemfungia Toronto.
Yumo ndani ya simu, ameegemezwa kwenye jagi la maji,
anapiga makofi; sauti inafika baada ya mikono.

Torsha mwenyewe nilimlisha mimi, juu ya dari, Barasat,
chini ya turubai la kukodi lenye tundu.
Sinia lilikuwa la shaba: udongo, kitabu, kalamu, sarafu.
Udongo niliuchota nyuma ya choo cha jirani,
naye akaukumbatia kwa mikono miwili,
akautia kinywani kabla yangu.
Kombe likavuma, vigelegele vikapanda:
"Huyu atamiliki mashamba!"
Leo ana ghorofa ya kumi na moja na chungu kimoja cha mnanaa.

Siku ile dada yangu Bithika alikaa nyuma ya mlango,
maana mzazi kumwona mwanawe akilishwa ulikuwa mwiko.
Aliniuliza baadaye: alilia? alitema? alicheka?
Nikamjibu hovyo, nilikuwa na njaa.
Torsha leo amempakata mtoto mbele ya kamera.
Shangazi mmoja akanong'ona,
akaletewa kichwa cha samaki, akanyamaza.

Na mama yetu alilishiwa kambini,
mpaka mpya ukiwa umepita uani kwao
ukaacha kisima upande wa pili.
Maziwa hayakuwapo. Wali wa mgao, sukari guru,
mjomba amevaa shati la kuazima,
akilisha kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika foleni.

Sinia la leo limeletwa na pikipiki, ndani ya boksi.
Udongo umo kwenye kifuko, umeandikwa "safi".
Tupur akapuuza kalamu, akapuuza dhahabu,
akashika kamba iliyofungia boksi.
Mzozo: kamba ni nini? Biashara? Uhandisi?
Mpiga picha akasema hakuwa tayari,
turudie.

Narudia. Lakini mkono wangu uko kwingine,
uko dari lile la Barasat, wageni wameshaondoka,
Gopen mpishi anasugua masufuria kwa majivu,
na bibi Khiroda ameketi kwenye gunia la mchele lililobaki.
Msichana wa tatu kuzaliwa. Hakupigiwa kombe.
"Wali wangu wa kwanza?" alipata kuniambia.
"Labda niliokota punje sakafuni. Nani alikuwa anatazama?"

Nikakwangua ukoko wa maziwa chini ya bakuli.
Bibi, fungua mdomo.
"Wewe si mjomba wangu."
Leo ndiye.
Akajifunika ushungi vizuri, kama bikizee aonwaye na wakwe,
akafungua. Meno matano.
Akatafuna kisichohitaji kutafunwa, muda mrefu,
macho yake kwenye tundu la turubai.

"Sukari imezidi," akasema.
Akafungua tena.