Fomu Haina Nafasi ya Majirani

Fomu imeniachia mstari mmoja:
*Aina ya seli.* Nukta mbili. Basi.
Umeme wa Chake umerudi saa nne na robo.
Nimefuta lenzi kwa upindo wa mtandio,
nimeweka kioo namba mia mbili na saba:
Shaame Mcha Faki, miaka hamsini na minne,
mkulima wa mpunga, Uwandani.
Kinyama cha kibofu, hakizidi punje ya mchele.

Ningeandika *saratani* nikaenda kunywa chai.
Lakini seli hii, Daktari Khatib, haikai peke yake.
Ina mtaa.

Tazama pembeni, vile vidoa vyeusi:
mayai ya kichocho yaliyogeuka chokaa.
Shaame ana miaka tisa, anaamia ndege bondeni,
maji ya magoti, konokono wanamteleza nyayoni.
Akakojoa damu. Wenzake wakampigia makofi:
leo umekuwa mwanamume!
Mama hakuambiwa.

Mayai mengine hayakutoka. Jeraha likaita waashi,
seli nyembamba kama shazia,
zije zizibe ufa.
Miaka arobaini na mitano zinaziba.
Zege juu ya zege,
mpaka ukuta uliojua kutanuka na kunywea
ukawa ngome,
na ndani ya ngome mgeni akapata faragha.

Mgeni? Nimekosea.
Ni mtoto wa humu humu,
kazaliwa katika vumbi la ukarabati usiokwisha,
hakupata wa kumkanya.

Wafagiaji waliitwa wale taka. Wamenenepa.
Siku hizi ndio wanaompelekea sahani.
Mishipa ya damu imepinda kumfuata
kama mipira ya maji ya kuunganisha kwa wizi.

Na sheha yupo. Nimemwona.
Seli za ulinzi, zambarau iliyokoza, zimejipanga nje ya ukuta,
kazi yao kuuliza tu: wewe wa nyumba gani?
Naye anamnyooshea mkono:
*Waambaje, sheha?*
Sheha anakaa kibarazani, anasinzia.
Utamlaumu? Kasalimiwa vizuri.

Kikulacho ki nguoni mwako, tulikaririshwa skuli.
Hatukuambiwa
kwamba nguo nayo huonjeshwa,
ikazoea, ikala pamoja nacho.

Shaame yuko dirishani na mkewe, Bimkasi.
Mwaka mzima alifua suruali zake mwenyewe,
kisimani, usiku.
Jirani wa kushoto kasema husuda.
Wa kulia kasema kuna kitu kakivuka njiapanda.
Wa nyuma hakusema, ila ndiye aliyetoa nauli.

Daktari anaeleza:
haijapenya msuli, tumshukuru Mungu.
Utakwenda Unguja, kitakwanguliwa.
Kisha chanjo ya kifua kikuu, ile ile ya utotoni,
itamiminwa kibofuni kwa mpira.
Saa mbili usikojoe.
Shaame anagusa bega la kulia, kovu la zamani,
kama mtu aliyetajiwa jina la rafiki katika habari ya wizi.
— Mimi sina kifua.
— Najua. Tunataka kelele tu. Sheha aamke.
— Kwa hiyo mnaniletea ugomvi nyumbani kwangu?
— Ndiyo, Mzee Shaame.
— Na akiamka akampiga kila mtu?
Daktari anatazama kalamu yake.
— Utaunguzwa. Utapata homa. Tutakuwa tunakuangalia.

Hakuna aliyesema *utapona*.
Nilipenda hilo. Nikarudi kwenye fomu,
nikajaza ule mstari mmoja,
nikageuza karatasi, nyuma nyeupe tupu,
nikaandika *majirani*, nikakwama.

Bimkasi amesimama bado dirishani,
anakunja risiti mara nne, mara nane.
Namuuliza, kwa kuuliza tu, nani yuko nyumbani.
— Mjukuu. Wa tisa huyu.
— Peke yake?
— Leo Jumamosi, hakuna skuli.
Yuko bondeni, anaamia ndege.