Kitalu D

Jumatatu tovuti ya idara yetu iliamka na uso mwingine.
Palipokuwa na mkurugenzi akikata utepe
palikuwa na orodha: viwanja kumi na tisa vya Kitalu D, Duga,
kila kimoja na majina mawili,
la aliyepewa kwanza, na la aliyelipa zaidi.
Chini, kwa herufi ndogo: Tumeazima ukuta wenu. Tutaurudisha.

Chai ikanipolea mkononi.
Orodha ile naijua. Niliichapa mimi.

Mchana bosi akaita kikao. Akasema wezi, akasema maadui wa taifa.
Binti Semkiwa wa masjala akauliza:
"Wameiba nini, kwani? Viwanja bado viko mara mbili."
Hakuna aliyecheka kwa sauti.

Mwalimu Kihiyo alitufundisha uraia:
avunjaye sheria kwa ajili ya haki asikimbie,
akae kizingitini, anyooshe mikono,
afungwe mchana kweupe,
watu waone sheria ipi inamfunga nani.
Sasa huyu wa usiku, asiye na kizingiti,
nimweke wapi, mwalimu?

Jumatano umati wa simu ulikwishapata mtu wa kutafuna:
Mbwana Sekiteke, jina la kumi na moja.
Kumbe wako wawili.
Mmoja yuko Masaki, Duga haijui hata kwa ramani.
Mwingine anaziba pancha za baiskeli, Barabara ya Kumi na Tatu.
Wakamwandama huyu. Wakasambaza namba yake,
picha ya mwanawe na sare ya shule.
Alhamisi usiku matairi yake yakateketea,
moshi ukafika Makorora.
Hakuna aliyewasha. Kila mmoja alibonyeza tu.

Nilikwenda kumwona. "Wewe wa Ardhi," akasema, "hao ni akina nani?"
Nikatazama kidole gumba changu, wino wa zambarau.
Nilitaka kumjibu: hawana uso, Mbwana, ndiyo dhambi yao.
Lakini uso wangu nani kauona
nyuma ya "kwa niaba ya", nyuma ya sahihi isiyosomeka,
nyuma ya muhuri uliogonga mara mbili udongo mmoja?
Kinyago tulianza kuvaa sisi. Tukakiita ofisi.

Leo ukuta umerudishwa, kama walivyoahidi.
Mkurugenzi anakata utepe.
Nimetoa faili la Kitalu D, lile la karatasi,
nikaandika pembezoni jina langu, yote matatu,
nikaliweka kaunta, limeelekea upande wa wananchi.
Hili nalo sijui linaitwaje.
Dirisha hufunguliwa saa mbili.
Bado dakika sita.